Saa ya Kinshasa kwenye Seva ya Keshero

Mara ya kwanza seva yetu ilipowashwa, mtangazaji aliniita kupitia kioo cha studio akiwa na uso wa mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu. Ukurasa wa matangazo ulikuwa umefunguka kwenye kompyuta yake, lakini mahali pa majina ya marehemu palikuwa na mabano, alama za dola na maneno ya Kiingereza yaliyokatwakatwa. Muda wake wa kusoma ulikuwa umekaribia. Ni mtu mtiifu sana, baba wa watoto, na aliniuliza kwa dhati kabisa kama hayo nayo ayasome. Nilimwambia apige muziki kwanza.

Redio yenyewe ni ndogo. Iko Keshero, mtaa wa Goma, nyumba ya mbao na mawe meusi, si mbali na ziwa, na mlingoti wake umefungwa kwa nyaya kwenye ukuta wa jirani kwa ruhusa ambayo jirani huwa anatishia kuiondoa. Watu hawatusikilizi kwa ajili ya muziki. Wanasikiliza matangazo ya familia: nani amefariki, kilio kiko wapi, mazishi ni lini, nani aje, nani anatafutwa. Hapo zamani matangazo yalikuja kwa vikaratasi vilivyopitishwa dirishani. Siku moja mtu aliyegombana na jirani yake juu ya ukuta alileta kikaratasi cha kutangaza kifo cha jirani huyo, na jirani akajisikia amekufa huku akila maharage na mke wake. Alikuja redioni na sahani mkononi.

Baada ya hapo mkuu wa redio aliweka sheria. Hakuna kikaratasi tena. Tangazo linaingia kwa simu au kwa tableti ya mapokezi, linabeba namba ya aliyeleta, mama wa mapokezi anahakikisha, kisha mashine inalipanga kwenye kipindi chake. Mtangazaji anasoma kilichopo kwenye ukurasa, hakuna kingine. Sheria hiyo ilibandikwa ukutani kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na mimi ndiye niliyeitwa kutoka mtaa wa Ndosho, nilikokuwa nikitengeneza kompyuta za watu, ili niifundishe mashine kuitii.

Kosa la siku ile ya kwanza lilikuwa la kawaida. Seva ni kama mhudumu wa mgahawa. Ukiomba ukurasa wa siku zote, anauchukua kwenye rafu na kukuletea ulivyo. Ila ukurasa unaobadilika, kama ule wetu uliotakiwa kujua ni saa ngapi na nani amefariki leo, lazima upite jikoni kwanza, kwenye programu inayosoma maagizo na kuyapika. Seva yetu haikuwa imeambiwa kwamba nyumba ina jiko. Ilibeba unga, chumvi na sufuria, ikaweka vyote mezani. Niliongeza mistari michache kwenye faili la mipangilio, kwamba kila faili lenye mwisho fulani lipelekwe jikoni, nikaiwasha upya, na majina yakatokea. Mtangazaji alizima muziki na kusoma bila hata kukohoa.

Nilifikiri kazi imekwisha. Huwa nafikiri hivyo mapema mno, na tabia hiyo hainitoki.

Lilibaki faili la jiko lenyewe. Ndani yake kuna mstari unaouliza saa za mashine ni za mji gani. Usipojibu, programu inajichagulia, na inajichagulia vibaya. Jibu linatoka kwenye orodha ya miji ya dunia, na Goma haimo. Nilimwita mkuu wa redio aone, kwa sababu alipenda kuonyeshwa kila kitu kabla ya kukikataa.

Sisi wote tulimwita muzee. Ni mtu wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, aliyefundisha jiografia muda mrefu kabla ya redio. Alisomea Kinshasa ujanani, na binti yake pekee anaishi huko. Tangu vita vifunge uwanja wa ndege, Kinshasa kwake ilikuwa imebaki sauti tu, na mtandao ulipokatika hata sauti ikaenda. Juu ya meza yake kulikuwa na ramani ya nchi nzima iliyochakaa kwenye mikunjo. Aliinama karibu na kioo cha kompyuta, akasoma orodha kwa kidole. Kinshasa ilikuwepo. Lubumbashi ilikuwepo. Mji wa jirani, ng'ambo ya mpaka, ambao saa yake ni sawasawa na yetu, nao ulikuwepo. Tuliuona wote wawili na hakuna aliyeusoma kwa sauti.

“Andika Kinshasa,” alisema. “Capitale ni capitale.”

Nilimkumbusha kile alichokifundisha mwenyewe darasani, kwamba nchi yetu ina mji mkuu mmoja lakini saa mbili, na kwamba ikiwa saa sita hapa, Kinshasa ni saa tano. Nikapendekeza Lubumbashi: ni nchi hiihii na saa ni ileile ya kwetu. Alisema hajawahi kufika Lubumbashi na hana mtu huko. Hiyo haikuwa hoja ya kiufundi, lakini alikuwa mkuu wa redio. Nikaandika Kinshasa, na ukurasa ukatuonyesha saa iliyochelewa, kama nilivyosema. Muzee hakubishana na ukurasa. Alivuta kiti, akafungua saa ya mashine, akaisukuma mbele mwenyewe kwa kidole kimoja mpaka ikalingana na saa ya ukutani.

Nilikasirika, na nilimwambia. Nilimweleza kwamba sasa mashine ina jina la mji mmoja na saa ya mji mwingine, na kwamba siku mtandao utakaporudi, mashine itauliza saa huko nje, kama mashine zote zinavyouliza, nayo itajirekebisha bila kutuomba ruhusa. Akanitazama kwa upole uliozidi kunikera.

“Réseau iko wapi, mutoto yangu?”

Hapo alikuwa na haki. Kipindi kile hakuna mtu Goma aliyeishi akingoja mtandao. Tulikuwa na benki zilizofungwa, barabara zilizofungwa, na simu tulizozitumia kama tochi. Matangazo yaliletwa uani kwa miguu na kuandikwa kwenye tableti iliyoongea na seva kwa antena yetu ndogo, ndani ya ukuta wetu wenyewe. Ukurasa ulibadilika kwa wakati wake: orodha ya asubuhi, orodha ya mchana ilipogonga saa sita, orodha ya jioni. Mtangazaji alisoma, watu walifika kwenye vilio, wafu walizikwa na watu wao. Seva ile iliyodanganywa ilifanya kazi vizuri kuliko nyingi nilizozipanga kwa heshima, nami nikaacha kusema.

Mtandao ulirudi asubuhi moja, baada ya matangazo ya asubuhi. Simu ya mama wa mapokezi ililia, kisha ya mlinzi, kisha zote kwa pamoja, zikimwaga ujumbe wa miezi. Watu walitoka barabarani wakizishikilia juu. Muzee alifunga mlango wa ofisi yake na tukamsikia akiongea na binti yake kwa sauti ya juu, kama vile anamwita ng'ambo ya bonde. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikisoma ujumbe wa dada yangu aliyejifungua bila mimi kujua. Nililia kidogo, kwa furaha. Sikuiwaza seva.

Nayo, chumbani kwake, ilipata njia, ikauliza saa, ikajibiwa. Ilirudisha mshale nyuma saa nzima na kuendelea na kazi.

Karibu saa sita mama mmoja alishuka kwenye pikipiki mlangoni kwetu. Alikuwa muuza samaki wa soko la Kituku, bado na kitenge chake cha kazi chenye magamba ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Tangazo lake alikuwa amelituma kwa simu akiwa sokoni mara tu mtandao uliporudi, na mama wa mapokezi alikuwa amekwisha kumpigia kuhakikisha. Hata hivyo alikuja. Alisema anaiamini redio, lakini hajaizoea simu inayofanya kazi. Akakaa kwenye benchi karibu na mlango wangu na, kwa kuwa nilikuwa mtu wa karibu, akanieleza.

Mama yake alikuwa amefariki. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Nyumba ya maiti isingewasubiri zaidi, na wachimbaji wa kaburi walikuwa wamekwisha kulipasua lile jiwe jeusi la volkano. Kaka yake, mtoto wa kwanza, alikuwa kisiwani Idjwi, analima mananasi, na simu ya kule ilikuwa haijapata uhai. Lakini kaka huyo alikuwa na redio, na kila mchana aliifungua kwa matangazo yetu, kisha akaizima kutunza betri. Boti ya kuja Goma ilikuwa ikiondoka kule saa nane. Kwao, kaburi halifunikwi mpaka mtoto wa kwanza atupe udongo wa kwanza. Na nyumbani, pale kwenye kilio, mashangazi walikuwa wamekwisha kuanza kusema kwamba hatakuja, kwamba hakuja wakati mama anaumwa, kwamba wengine huzaa mtoto wa kwanza na wengine huzaa jina tu.

“Hajakataa,” aliniambia. “Hajasikia.”

Saa sita na nusu mtangazaji alianza. Mlinzi aliweka redio yake dirishani na mama yule akaegemea karibu. Jina la kwanza lilikuwa la mtu ambaye tayari tulikuwa tumemsikia akitangazwa asubuhi. La pili pia. Watu hurudia matangazo, wanalipia yasomwe zaidi ya mara moja, kwa hiyo sikushtuka upesi kama nilivyopaswa. Mtangazaji alisoma taratibu, akimpa kila marehemu nafasi yake, kama alivyofundishwa. Nilipomsikia akitangaza kilio cha Ndosho kilichokuwa kimekwisha asubuhi ileile, niliinuka.

Kwenye kioo cha seva haikuwa imefika bado saa sita. Tangazo la mama lilikuwepo, safi, na namba yake na alama ya kuhakikishwa, limekaa kwenye foleni ya mchana, likisubiri mchana ufike. Nje ya dirisha mchana ulikuwa umefika zamani. Nilitazama saa ya ukutani na nikaelewa yote kwa mara moja, na neno nililolisema silirudii hapa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. “Dada, ya kwetu hawakuisoma.”

Nikamwita muzee. Alitoka ofisini akiwa bado na uso wa mtu aliyesikia sauti ya mwanawe. Nilimweleza kwa maneno machache, na uso ule ukaondoka. Jambo lililobaki wote tulilijua: saa saba kamili jenereta inazimwa mpaka jioni, kwa ajili ya mafuta, na mtambo unanyamaza. Muzee alinyoosha mkono kwenye kibodi.

“Sukuma tena saa.”

Nilimwambia mashine itairudisha tena, mtandao upo, na tutashindana nayo mpaka jenereta izimwe. Dawa ilikuwa moja, kubadilisha jina la mji. Nilikuwa nimekwisha kufungua faili. Mstari ulikuwa mbele yetu, na Kinshasa imeandikwa pale kwa herufi ndogo za kawaida. Muzee aliutazama. Sijui aliona nini, na sikumpa muda wa kunieleza. Kusema kweli wakati ule ningeweza kumsukuma. Nyuma yetu mtangazaji alikuwa amemaliza orodha ya asubuhi na kuanza kushukuru wasikilizaji.

“Papa,” mama alisema, polepole, kana kwamba anaomba maji, “boti inaondoka saa nane.”

Muzee alivua miwani yake. “Andika Lubumbashi,” alisema, akatoka.

Nikafuta, nikaandika, nikahifadhi, nikaiwasha seva upya. Inachukua pumzi chache tu. Kupitia kioo nilimwona muzee ameingia studio, jambo ambalo hakulifanya kamwe mtangazaji akiwa hewani, na amemwekea mkono begani. Ukurasa ulibadilika mbele yao wote wawili. Mtangazaji alilisoma tangazo la mama wa Kituku mara moja, kisha muzee akamwonyesha kwa kidole, naye akalisoma tena. Jina la marehemu, jina la kaka, jina la kijiji chake kisiwani, boti ya leo, mazishi kesho asubuhi. Alikuwa akianza mara ya tatu jenereta ilipozimwa, na sauti ikakatika katikati ya jina la kaka.

Mama alimshukuru kila mmoja wetu, hata mlinzi kwa redio yake. Kisha akapanda pikipiki kurudi kwenye kilio. Jioni ile, niliposhuka kuelekea ziwani, nilimwona kwa mbali kule boti za Idjwi zinakotia nanga. Nilisimama nyuma ya watu. Boti ilifika, watu wakashuka na ndizi zao, kuku zao, magunia ya makaa. Mama yule alibaki pale mpaka nahodha alipoanza kumwaga maji yaliyoingia botini. Sikumfuata.

Yaliyofuata nimeyapata kwake mwenyewe. Asubuhi, makaburini, alikataza udongo usitupwe. Alisimama kwenye ukingo akiwa ameushika mkono wa katekista, akisema wangoje kidogo. Katekista aliongeza nyimbo. Wachimbaji walikaa juu ya mawe, wakatazama jua. Shangazi mmoja akasema kwa sauti iliyosikika na wote kwamba mtu aliyeitwa na redio na asije ameitika kwa njia yake. Mwishowe jua lilipokuwa juu ya vichwa, na familia nyingine ikingoja na jeneza lao nyuma, mama yule aliinama. Alitupa udongo kwa mkono wa kuume, akasema jina la kaka yake. Kisha akatupa kwa mkono wa kushoto, akasema lake. Wakafunika.

Kaka alifika mchana, kwa mtumbwi wa mota uliobeba mananasi. Alikuwa amesikia orodha ya zamani, akazima redio kama kawaida yake. Mke wa jirani ndiye aliyesikia mwisho wa kipindi, akapiga kelele kutoka shambani kwake. Kaka alikimbia mteremko wote, mwendo wa zaidi ya saa, na mabuti ya shamba. Alipofika pwani boti ilikuwa majini, karibu kiasi cha kumtambua nahodha kwa shati lake, na nahodha hakusikia.

Walikuja redioni pamoja siku kilio kilipokwisha, dada na kaka, kutangaza shukrani kama familia zinavyofanya. Kaka alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyochomwachomwa na majani ya mananasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake na haikuja, na nilitamani ije. Mama wa mapokezi alishika tableti, na kaka akamwambia maneno ya kuandika, taratibu, akisubiri kila moja limalizike.

Muzee alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Hakuomba msamaha, siku ile wala baadaye. Wanaume wa umri wake huwa wanafanya kitu kingine badala yake, na wewe unatakiwa kukitambua. Ilipokaribia saa sita aliingia studio, akamwomba mtangazaji kiti chake, akavaa vile visikilizio vikubwa juu ya kofia. Hakuwa amewahi kusoma hewani.

Ukurasa ulibadilika saa sita kamili, bila dakika ya ziada. Saa sita na nusu muzee alisoma marehemu wa siku ile kwanza, mmoja mmoja. Mwishoni akafika kwenye shukrani. Alishukuru katekista, wachimbaji, majirani, wauza samaki wa Kituku, kama ilivyoandikwa. Kisha akasoma mstari wa mwisho wa kaka, nao nimeuweka kichwani jinsi alivyousoma:

“Mimi mutoto wa kwanza nilifika. Nilikuta mama amefunikwa. Nilitupa udongo juu ya udongo.”

Uani, kaka na dada walikuwa wamekaa kwenye benchi lilelile, redio ya mlinzi iko kati yao. Studio, muzee aliinua macho kutoka kwenye ukurasa. Sheria ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake, ile ya kusoma kilichopo kwenye ukurasa na hakuna kingine. Akasogea karibu zaidi na maikrofoni.

“Alifika,” alisema. “Ni sisi tulichelewa.”